Picha za harusi: anza kupanga na jua, saluni ifuate

Ukiona picha za harusi ya Dar zimetoka giza, maharusi wamechoka, shela imepauka, kabla hujaanza kumsema mpiga picha uliza kwanza swali moja tu, walitoka kanisani saa ngapi. Mara nyingi jibu liko hapo. Kamera nzuri watu wanazo siku hizi, lenzi wanazo, kinachokosekana ni muda, na muda unapotea asubuhi mapemaa wakati kila mtu anaamini bado upo mwingi.

Naongelea Dar zaidi maana ndo nnakofanyia kazi, ila ukiwa Moshi, Mwanza au Mombasa mengi yatakufaa, badilisha tu saa na majina ya barabara.

Sasa kitu cha kwanza kabisa, kabla hata ya kuchagua rangi ya sare, fahamu siku yako jua linazama saa ngapi. Huku kwetu karibu na ikweta jua likizama limezama, halina kuaga, dakika ishirini hivi na giza limeshaingia. Kwa Dar mwezi wa sita linazama kwenye saa 12 na robo jioni, mwezi wa pili linasogea mpaka karibu saa 12 na dakika 45. Mwanza wako magharibi zaidi ila saa ni ile ile moja kwa nchi nzima kwaiyo wao wanakula kama dakika ishirini na kitu za ziada za mwanga. Sasa ule mwanga mtamu unaouona kwenye picha za watu, wa dhahabu, unaolainisha ngozi, ni kama lisaa limoja na kidogo kabla ya jua kuzama, hapo ndo unatakiwa uwe umesimama na mwenzio mahali pazuri, mmetulia, sio mko kwenye foleni ya Mwenge gari limejaa maputo. Jua la saa 7 au saa 8 mchana linatoka juu ya utosi, macho yanakuwa mashimo meusi, paji la uso linang'aa, gauni jeupe linaungua kabisa nakshi zote zinapotea. Mpiga picha mzuri anaweza kukusaidia, atawatafutia kivuli cha mti au cha jengo, ila atakuwa anapambana badala ya kutengeneza kitu.

Kwaiyo ratiba inahesabiwa kinyumenyume. Watu wengi wanaanza na saluni, "saluni saa 3, tukitoka tunavaa, tukivaa tunaenda", unaona, kila kitu kinamsubiri mwenzake na jua halimsubiri mtu. Wewe anza na jua. Tuseme harusi ni Jumamosi ya mwezi wa saba, jua linazama saa 12 na dakika 20 hivi. Picha zenu wawili basi ni saa 11 mpaka saa 12 na dakika 10. Kufika hapo kutoka kanisani mpe dakika 45, na hiyo ni kama matarumbeta hayajaamua kuzunguka mtaa mzima kwanza, kwaiyo kanisani mnaondoka saa 10 na robo. Kabla ya kuondoka kuna picha za familia pale nje, nusu saa, maana yake ibada iwe imeisha saa 9 na dakika 40, maana yake ianze saa 8 kamili. Bibi harusi atoke nyumbani saa 7 na robo. Picha za nyumbani na kuvaa shela zinakula zaidi ya lisaa, kuanzia saa 5 na dakika 45, ina maana mekap imeshaisha saa 5 na robo, na kama anayepambwa sio bibi harusi peke yake, kuna metroni, kuna mama, kuna mdogo wake aliyesema hapambwi na sasa amebadili mawazo, basi mpambaji aanze saa 2 na nusu asubuhi. Alafu hapo hapo ongeza nusu saa ya bure ambayo hujamwambia mtu yeyote. Usimwambie hata mama. Ukiwaambia ipo wataitumia.

Na kama kanisa limewapa saa 10 jioni? Hapo uwe mkweli na nafsi yako, ibada ikiisha ni saa 11 na nusu kwenda saa 12, picha za bichi zisahau. Una njia mbili za maana. Ya kwanza ni kupiga picha za wawili kabla ya ibada, wenzetu wanafanya na zinatoka vizuri sana maana mekap bado mpya na hamjatoka jasho, ila familia nyingi hazitaki bwana harusi amwone bibi harusi kabla ya kanisani, na hilo sio la kubishana nalo wiki ya harusi, liongeleeni mapema na wazee. Ya pili ni kuvaa tena siku nyingine, Jumatatu au Jumanne asubuhi saa 12 na nusu, bichi hakuna mtu, hakuna MC anayepiga simu, hakuna shangazi, mnapiga lisaa limoja mnaenda kunywa chai. Binafsi naipenda hii kuliko zote japo watu wanaona gharama kumlipa mpambaji mara mbili. Kumpaka mekap ndogo tu inatosha.

Lokesheni

Hapa watu wanachagua kwa jina, Coco Beach, Kigamboni, hoteli fulani, bila kujua pwani ya Dar karibu yote inaangalia mashariki. Yaani Coco jua linachomoza baharini, ila jioni linazama nyuma yenu huku kwenye majumba ya Oysterbay. Sio kwamba ni pabaya, jioni kunakuwa na kivuli laini na bahari inakuwa na rangi ya buluu nzuri, ila kama ndoto yako ni lile jua jekundu linaloingia majini mnaonekana vivuli tu mmeshikana mikono, nenda upande wa pili wa rasi ya Msasani, kule Slipway, pale panaangalia magharibi kwenye ghuba. Zanzibar hivyo hivyo, Forodhani na Kendwa jua linazama majini, Paje na Jambiani ni za asubuhi. Ukilijua hili tu umeshawazidi nusu ya maharusi.

Cha pili, lokesheni iwe njiani kati ya kanisa na ukumbi. Kanisa Mbagala, picha Kigamboni, ukumbi Mbezi Beach, hiyo sio ratiba hiyo ni adhabu. Chagua sehemu moja, nasema moja, ukihama hama kila kuhama ni kukunja shela kuingiza kwenye gari, kulikunjua, kufuta jasho, nusu saa imekwenda. Sehemu moja nzuri ina pembe kumi za kupigia.

Kaulizie kibali kabla. Bustani za hoteli nyingi wanataka malipo au uwe umekodi ukumbi kwao, vyuo wanataka barua, na msisimamishe msafara wa magari juu ya Daraja la Tanzanite eti mpige picha na taa, trafiki watawakumbuka. Majengo ya serikali na maeneo ya jeshi usielekeze kamera kabisa. Kama mnataka droni, inahitaji kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga, TCAA, muulizeni mwenye droni awaonyeshe kabla ya siku yenyewe, maana kuna watu wanairusha tu na ikikamatwa harusi ni yenu.

Mvua je. Ukifunga ndoa baada ya Pasaka, na wengi wanafunga hapo maana Kwaresima makanisa mengi hayafungishi, uko katikati ya masika, usishangae. Tafuta mahali penye varanda kubwa au baraza ya ghorofa, nunua miavuli miwili myeupe au ile inayoonyesha, imeisha. Na wingu lenyewe wala sio adui, wingu ni taa moja kubwa ya bure, hakuna mtu anakunja uso kwa jua na unaweza kupiga hata saa 8 mchana.

Uso na chumba

Mekap ya harusi ipigwe picha ya flashi siku ya majaribio. Jifungie chumba chenye giza, piga selfi na flashi, uangalie. Kuna poda za kusetia ambazo kwa macho hazionekani ila flashi ikizipiga uso unageuka jivu, shingo rangi yake na uso rangi yake, na hicho kitu kukisafisha kwenye picha mia sita ni kazi ambayo hakuna mpiga picha ataifanya kwa bei mliyomlipa. Mwambie mpambaji alinganishe na shingo na mabega. Miezi ya Desemba mpaka Februari Dar ni joto la kufa mtu, metroni abebe tishu za kufyonza jasho, agandamize taratibu, asisugue.

Chumba cha kuvalia chagua chenye dirisha kubwa, hata kama ni kidogo kuliko kile cha mama. Zima taa za ndani, maana mwanga wa dirisha na mwanga wa balbu ya njano ukichanganyika uso unakuwa na rangi mbili. Alafu mabegi, mifuko, chupa za maji, sahani za supu ya asubuhi, vyote vihamie kona moja ambayo haipigwi. Pete, viatu, kadi ya mwaliko, saa ya bwana harusi, marashi, viwekwe kwenye kiboksi kimoja jana yake usiku, mpiga picha akifika anapewa anaenda kupiga kimya kimya wakati wewe bado unachorwa nyusi. Kama hujafanya hivyo ataanza kuuliza pete iko wapi, na pete iko kwa kaka, na kaka yuko kuosha gari.

Bwana harusi naye jamani. Huyu anasahaulika kabisa, picha zake zote ni mbili anafunga tai. Mpeni dakika ishirini zake na wapambe wake, na atoe simu na funguo na pochi mfukoni mwa suruali, suti inavimba kama amebeba maandazi.

Kanisani na nje ya kanisa

Nendeni ofisi ya parokia au usharika mapema mkaulize sheria zao za picha. Makanisa mengine mpiga picha ana sehemu yake ya kusimama haruhusiwi kuvuka, mengine hawataki flashi wakati fulani wa ibada, na parokia nyingi za Katoliki siku za Jumamosi mnaweza kufungishwa jozi nne tano kwenye misa moja. Hapo kila jozi ina mpiga picha wake na mwenye vidio wake, fikiria mwenyewe vurugu pale mbele. Ombeni mkae pembeni ya safu badala ya katikati, na mpiga picha wenu aonane na wenzake kabla misa haijaanza wagawane kona.

Simu za ndugu ni janga. Bibi harusi anaingia na baba yake, picha ya maisha hiyo, alafu katikati ya njia yuko mjomba na tableti. Mwombeni mchungaji au padri atangaze yeye mwenyewe, akitangaza yeye watu wanatii, MC hawamtii.

Sasa picha za familia, hapa ndo muda unapotea na hapa ndo ugomvi unazaliwa. Andika orodha ya makundi kwenye karatasi, sio kichwani. Wazazi wa bibi harusi, wazazi wa bwana harusi, wazazi wote pamoja, bibi na babu, ndugu wa tumbo moja, wajomba na mashangazi, wapambe, kamati, wafanyakazi wenzenu, jumuiya au kwaya. Makundi kumi kwa dakika tatu ni nusu saa, yakifika ishirini ni lisaa zima na hapo jua limeshawaacha. Wanaobaki watapigwa ukumbini, waambiwe hivyo mapema wasinune. Anzeni na makundi yenye wazee na watoto, vijana wanaweza kusimama.

Orodha hiyo usimpe mpiga picha peke yake, yeye hamjui baba mkubwa ni nani. Mpe mtu mmoja kutoka kila upande mwenye sauti kubwa na anayejua sura zote, kwa kawaida ni shangazi au binamu ambaye hata hivyo angekuwa anaamrisha watu. Huyu anaita kundi linalofuata wakati la kwanza bado linapigwa. Kama kuna wazazi walioachana, kuna mama wa kambo, kuna mlezi aliyekusomesha, amueni nyumbani nani anasimama na nani wapi, msilifumbue hilo fumbo mbele ya ngazi za kanisa watu wote wakiangalia. Na wale wa "moja tu na simu yangu" waambieni mpiga picha wa kazi apige kwanza, maana simu tano zikiinuka kila mtu anaangalia kamera tofauti, kwenye picha mnaonekana familia iliyopotea.

Kwa Waislamu ratiba ni nyingine kidogo. Nikaha nyingi zinafungwa baada ya sala ya Alasiri, bwana harusi atoke msikitini, msafara, kaswida, afike kwa kina bibi harusi, apeane mkono, tayari saa 11 imepita. Kwaiyo picha za bibi harusi peke yake na mama na dada zake zimalizwe kabla ya Alasiri, na picha za wawili tafuteni dakika ishirini tu palepale uwani au varandani mara baada ya mkono kabla wageni hawajawameza. Kwa sherehe ya wanawake tupu, tafuta mpiga picha mwanamke na timu yake yote wanawake, mpaka anayehariri, wengi wanasahau huyo wa kuhariri. Simu ziachwe mlangoni, na kwenye mkataba iandikwe kabisa kwamba hakuna picha itakayowekwa Instagram wala kwenye stetasi.

Ukumbini

Mpambaji wa ukumbi na mpiga picha wapigiane simu kabla, watu hawa wanafanyia kazi sehemu moja na hawajuani. Vitu vitatu tu. Maua ya meza kuu yawe chini ya kidevu, nimepiga harusi ambazo bwana harusi anaonekana nywele tu. Taa za zambarau na buluu zipige ukuta na dari, zisipige nyuso, kwa ngozi zetu zile taa zinafanya mtu aonekane mgonjwa, mwambieni mtu wa taa awashe nyeupe wakati wa kuingia, keki na shampeni. Na keki, au ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma, kama ni harusi ya Wachaga, isiwekwe mbele ya mlango wa choo au wa jikoni. Mashine ya moshi iwashwe mkishaanza kucheza, sio mnaingia, mkiingia na moshi kinachoonekana ni moshi.

Ukumbi mwingi unafunga saa 6 usiku na kadi inasema saa 1 ila maharusi wanaingia saa 3, kwaiyo mambo ya mwisho yanakimbizwa, hasa zawadi, makundi yanaingia yanacheza watu wanataka kila mmoja aonekane amebeba kitenge chake. Kama picha na wazazi ukumbini ni muhimu kwenu, zipigwe kabla ya chakula.

Na timu ya picha ipewe chakula, wakati ule ule maharusi wanakula. Sio roho nzuri tu, ni hesabu, hakuna anayetaka picha yake akitafuna pilau, kwaiyo dakika zile hawana kazi. Mkiwasubirisha mpaka mwisho watakuwa nyuma wanakula wakati baba anatoa nasaha. Kamati iandike sahani zao kwenye idadi kabisa.

Mkataba usiwe maneno ya simu. Uandike wanaanza saa ngapi wanaondoka saa ngapi, wangapi wanakuja, nani hasa atashika kamera maana kuna wanaokuonyesha kazi nzuri alafu wanatuma mtoto wa mafunzo, picha ngapi zimesafishwa, lini mnapewa, albamu kurasa ngapi. Uliza kamera yake inaandika picha kwenye memori kadi mbili kwa pamoja au moja, na usiku huo akifika nyumbani anazihifadhi wapi. Akibabaika kwenye swali hilo endelea kutafuta.

Malipo ya mwisho bakiza kidogo mpaka mkabidhiwe, lakini mkikabidhiwa lipeni siku hiyo hiyo. Nakala moja iwe kwenye hadi diski, nyingine kwenye Google Drive, na ukiwatumia ndugu kwa WhatsApp tuma kama dokumenti, ukituma kama picha ya kawaida inabanwa, alafu shangazi akienda kuiprinti kubwa ya ukutani inatoka vumbi vumbi na atakupigia wewe.